Saa Waliyoambiwa Watu wa Mlimani

Mara ya kwanza mzee Vagheni alipouliza umeme ungezimwa saa ngapi, Godelive alimjibu vizuri tu kwamba mpango haujakamilika. Mara ya pili alimwangalia usoni kabla ya kujibu. Mara ya tatu mzee aliwaacha wateja wake kwenye mashine ya kusaga, akashuka mteremko mzima huku unga wa mahindi bado umemganda kwenye nyusi, akasimama chini ya mkaratusi ambao Godelive alikuwa akiupima na kuuliza jambo lilelile.

"Donc, Jumamosi mutakata courant saa ngapi?"

"Papa Vagheni, juu ya nini unauliza kila siku?"

"Nauliza tu. Jumamosi tuko na bageni."

"Bageni batakula courant?"

Mzee alicheka kwa mdomo, macho hayakushiriki. "Wewe mutoto ya Kayna, uko na mudomo," alisema, akageuka na kupanda taratibu kurudi kwake. Alipofika juu kidogo alisimama, akazitazama nyaya kutoka nguzo moja hadi nyingine, kama mtu anayekadiria urefu wa kitu anachotaka kukibeba.

Sikuli, mkataji miti, alikuwa ameketi kwenye mzizi akinoa upanga wake. "Chef," alisema bila kuinua kichwa, "ule mubaba anataka kukuposea mutoto wake, ao anataka kuiba waya. Chagua."

Ulikuwa utani. Lakini utani wa Sikuli ulimwingia Godelive kama mwiba unaovunjikia ndani ya kidole.

Alikuwa amemaliza masomo ya misitu hapo Butembo mwaka uliopita, na alikuwa na imani ambayo wenzake waliicheka: kwamba umeme uliopanda vilima hivi ungebadilisha maisha ya watu, mradi tu mtu ajali kuulinda. Kampuni iliyovuta nyaya ilikuwa imegundua kwamba adui yake mkubwa si mvua wala radi bali miti. Watu wa Butembo hupanda mikaratusi kila penye mteremko. Ukiukata leo, kisiki huchipuza machipukizi matano, na kabla hujasahau kilio cha msumeno yamekwisha kuzifikia nyaya. Ndiyo maana vijana kadhaa, Godelive akiwamo, waliitwa mjini Beni kufundishwa namna ya kupanga ukataji wa miti karibu na nyaya zenye umeme.

Mwalimu wao alikuwa Amisi, mtu wa Beni, mpole, mwenye kofia nyeupe ya Ijumaa aliyoivaa hata Jumanne. Hakupenda kuandika ubaoni. Aliwapeleka nje, akawasimamisha chini ya nguzo na kuwauliza: mti huu ukianguka utaanguka wapi? Upepo unatoka wapi saa hizi? Mkataji atakimbilia wapi? Nani atasimama mbali asifanye kazi nyingine yoyote ila kuangalia? Na kila somo lilimalizikia palepale.

"Waya ni muzima," alikuwa akisema, "mupaka uizime wewe mwenyewe, uipime, uifunge na udongo. Mutu akikuambia imekufa, hapana mwamini. Hata mimi, hapana niamini."

Sasa kila mwanafunzi alipewa mti mmoja wa kupangia na kusimamia. Wa Godelive ulikuwa mkaratusi wa kwenye kona, upande wa Bulengera hapo Butembo, ambao matawi yake mawili yalikuwa yamepita katikati ya nyaya zinazoshuka kutoka transfo, yaani transfoma ya mtaa. Wa kuukwea alikuwa Sikuli. Aliwahi kuwa na shamba la kakao karibu na Mbau mpaka watu walipoacha kwenda mashambani kwa hofu ya kuuawa. Siku hizi aliishi kwa kukwea. Angekwea kwa neno la Godelive na kugusa alichoambiwa ni salama kugusa. Wazo hilo lilimwamsha Godelive alfajiri.

Na sasa mzee huyu na maswali yake.

Haikuwa shaka ya bure. Mwezi uliotangulia, ng'ambo ya bonde, wezi walisubiri umeme uzimwe kwa matengenezo, wakakata nyaya mchana kweupe wakijifanya mafundi. Mtaa ule ulibaki gizani, na watu walisema kwa sauti kwamba kuna mfanyakazi wa kampuni aliyewauzia wezi saa ya kuzima. Godelive hakutaka jina lake litajwe hivyo. Tena hakuwa mwenyeji, alitoka Kayna. Tangu siku ya kwanza alipofunga vitambaa vyekundu kwenye miti, watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Mama mmoja alikifungua kitambaa cha mti wake, akakifunga kwenye mti wa jirani. Katika nchi ambayo mgeni anayepimapima ardhi huenda akaleta chochote, ni nani angewalaumu? Yeye aliwapima watu kwa macho, nao walimpima.

Alhamisi alipanda hadi kwa Vagheni kuomba ruhusa ya kupitisha kamba kwenye ua. Mzee hakuwapo. Mlango wa depo, ghala dogo nyuma ya mashine, ulikuwa wazi, na ndani, chini ya turubai, Godelive aliona rundo la kebo nene nyeusi, limeviringwa vizuri kama nyoka aliyeshiba. Alisimama akiitazama. Mtu wa kusaga mahindi ana haja gani na kebo yote ile?

"Unatafuta nini?"

Vagheni alikuwa nyuma yake. Alimpita haraka, akavuta mlango wa depo na kutia kufuli.

"Nilikuwa nataka ruhusa ya kupitisha kamba."

"Pitisha." Kisha, huku akiutikisa ufunguo mkononi: "Na saa? Bado hamujajua saa?"

Hapo Godelive aliamua. Aliamua peke yake, njiani akishuka, na aliona amefanya jambo la busara. Kazi ingefanywa asubuhi, kama ilivyoandikwa kwenye mpango aliokuwa amempa Amisi. Lakini watu wa mlimani angewaambia mchana, baada ya saa nane. Mwizi angekuja na kebo yake na vijana wake akute umeme umekwisha kurudi, waya uko moto, na mti uko chini. Hakuna ambaye angeumia. Aliirudia sentensi hiyo moyoni mpaka ikakaa sawa.

Ijumaa alipita nyumba kwa nyumba. Issaka kinyozi, ambaye saluni yake ya mbao ilikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka kwenye mkaratusi, alisema mchana si vibaya, wateja wake hupenda kuja asubuhi. Kwa Vagheni alimkuta shemeji wa mzee, Mama Florentine, akichambua mchele kwenye ungo mkubwa. Mume wake, mdogo wa Vagheni, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kutoa kilio: misa, chakula, hotuba, na mjane kuvua nguo nyeusi mbele ya watu.

"Wabukire, mama. Kesho tutakata courant muchana, nyuma ya saa nane."

Florentine aliacha kuchambua. "Muchana kweli? Juu asubuhi shemeji atakuwa kanisani, mimi nitabakia na bapishi, na bale ba sonorisation, ba kipaza sauti, batafika mbele ya misa kuisha."

"Muchana, mama."

"Basi ni vizuri. Nitamwambia. Wasingya."

Ile asante ilimfuata Godelive mpaka barabarani. Alitembea kwa kasi zaidi.

Jumamosi mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini magome ya mkaratusi yaling'aa maji. Amisi alifika na pikipiki, koti limelowa. Alizunguka mti mara mbili kimya, akapima kwa macho upande wa kuangukia, akauliza ni wapi Sikuli angekimbilia, akaonyeshwa. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Na batu ya quartier banajua?"

"Banajua," alisema Godelive. Kweli watu wa mtaa walijua kitu. Alijishughulisha na kukaza kamba ya kofia yake.

Amisi akaenda kwenye transfo, akatoa fyuzi, akafunga sanduku kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni mwake. Saluni ya Issaka ilinyamaza. Mteja mmoja alitoka mlangoni, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu.

"Issaka, nitaenda kwenye sherehe hivi?"

"Keti, papa. Utasema ni mode ya Kinshasa."

"Si mulisema muchana?" Issaka alimwuliza Godelive kutoka mbali. Godelive alijifanya hakusikia.

Amisi alikwea ngazi, akaelekeza kipimo chake cha umeme kwenye kila waya. Kimya. Akashuka kuchukua nyaya nene za kufunga laini na ardhi, ili umeme wowote ukirudi uishie udongoni. Sikuli naye alikuwa ameanza kupanda, kwa kuwa kwenye mpango Godelive alikuwa ameandika kwamba kamba zifungwe wakati laini ikiandaliwa, ili muda usipotee. Alipanda kama mtu anayepanda kitandani kwake. Alipofika kwenye matawi mawili alipitisha mguu juu ya lile la chini, akainama katikati ya shina na nyaya, akaanza kuzungusha kamba. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani hadi mgongoni mwake.

Godelive alisimama mahali pa mwangalizi, filimbi mdomoni. Macho yake yalipaswa kuwa kwa Sikuli. Lakini kila baada ya kitambo yalipanda mlimani, kwenye depo ya Vagheni, kutafuta vijana wenye kebo. Hakuona kijana yeyote. Alisikia tu kipaza sauti: "Moja, mbili. Moja, mbili. Munasikia?" kisha wimbo wa kwaya. Wana groupe yao, jenereta yao wenyewe, aliwaza, afadhali. Na alikuwa bado anawaza hivyo aliposikia nyuma yake mlio mdogo, kama wa nyuki kwenye kopo.

Ulikuwa mlio wa mashine ya kunyolea.

"Ah," alisema mteja wa Issaka ndani ya saluni, "courant imerudi."

Taa juu ya mlango wa kinyozi ilikuwa ikiwaka. Dhaifu, ya manjano, ikipumua kwa kufuata wimbo wa kule juu. Issaka hakuwa na jenereta. Hakuwa na kitu chochote isipokuwa waya mmoja uliotoka kwenye nguzo.

Godelive alipuliza filimbi, mara moja, ndefu. Ndivyo walivyokubaliana: kila mtu agande alipo.

Sikuli aliganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa kuipokea kamba upande wa pili, na kiganja kilichokuwa wazi kilikuwa umbali wa upana wa sahani kutoka kwenye waya. Amisi, akiwa katikati ya ngazi, aliitazama ile taa ya kinyozi. Aliinua kipimo chake, nacho kikaanza kulia.

"Sikuli," alisema Amisi kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Rudisha mukono pole pole. Vile. Sasa bakia. Hapana shuka."

Asingeweza kushuka. Ili atoke pale ilimbidi apitishe mgongo wake uliolowa katikati ya nyaya na shina, palepale alipopita alipoingia.

"Kufuli ni yangu, ufunguo niko nayo," Amisi alisema, sasa akimtazama Godelive. "Courant inatoka wapi?"

"Kwa Vagheni. Ni groupe ya kwa Vagheni." Alielekeza kidole mlimani. "Iliingia kwenye laini kupitia nyumba yao."

"Hakuna mutu alibaambia bashushe disjoncteur mbele ya kuwasha?"

"Nilibaambia muchana, papa. Nilibadanganya saa."

"Kimbia," alisema Amisi.

Alikimbia. Tope la Butembo likilowa halina huruma. Alianguka mara ya kwanza kwenye mfereji, mara ya pili mbele ya mashine ya kusaga. Ua ulikuwa umejaa wanawake na masufuria, na moshi, na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa safu. Nyuma ya jiko, chini ya bati, groupe ilikuwa ikinguruma. Ile kebo nyeusi ya depo ilitoka pale, ikapita juu ya ua, ikaingia dirishani. Vichwa vyake vyote viwili vilikuwa plagi zenye meno: kimoja kwenye groupe, kingine kimechomekwa kwenye tundu la ukutani sebuleni. Njia hiyo hutumika katika nyumba nyingi. Ukishusha kwanza swichi kubwa, ile disjoncteur, umeme hubaki ndani ya nyumba yako. Usiposhusha, hutoka mlangoni na kwenda zake kwenye nyaya za barabarani.

Mama Florentine alikuwa amesimama kando ya dirisha, bado katika nguo zake nyeusi, akifuta mikono.

"Mama, nani aliwasha?"

"Mimi. Courant ilikufa na kwaya bako hapa. Nilifanya kama shemeji anafanyaka." Alimwangalia kuanzia viatu vya tope hadi usoni, na sauti yake ikapoa. "Ulisema muchana. Sasa unakuja kutuzimia na hii? Siku ya bwana wangu?"

"Kuna mutu juu ya muti. Iko karibu na waya, na waya iko na courant yenu."

Florentine alimkazia macho. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akijiuliza kama huu nao ni uongo. Godelive hakuwa na cha kumwonyesha.

"Nilikudanganya jana," alisema. "Leo sikudanganyi. Anaitwa Sikuli."

Mjane alichupa kuelekea ukutani na kuishika kebo ili aichomoe. Godelive alimdaka kifundo cha mkono. "Hapana hapo, mama. Meno itabaki na courant. Groupe kwanza."

Wakaenda pamoja, na ni Florentine aliyebonyeza kitufe, kwa kuwa Godelive hakujua kiko wapi. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Katika kimya kile walisimama wote wawili wakisikiliza kuelekea chini, pasiposikika kitu. Kisha filimbi ya Amisi ililia mara mbili fupi, alama ya kwamba nyaya zimefungwa na ardhi, na mara tatu: mtu yuko chini. Florentine aliketi kwenye kiti cha plastiki cha mgeni, akafunika uso.

Vagheni alitoka kanisani na kuukuta umati barabarani. Alisimuliwa na watu watano kwa pamoja. Alipomfikia Godelive alikuwa bado ameshika kofia mkononi.

"Nilikuwa nauliza saa ili nikuwe nyumbani," alisema. "Mimi peke njo najuaka kushusha ile disjoncteur. Ningeishusha mwenyewe."

"Juu ya nini hukusema hivyo, papa?"

"Niseme kwa mutu ya kampuni kama ninaunganishaka groupe vile? Mungenikatia courant kesho yake." Aliikunja kofia yake. "Na wewe, juu ya nini ulidanganya?"

"Niliona kebo. Nilifikiri unataka kuiba waya."

Mzee aliitazama nyumba yake, viti, wageni walioanza kufika wakishika zawadi zao. Hakukasirika kwa sauti. "Mimi," alisema tu. "Mwizi." Akaingia ndani kumfariji shemeji yake.

Amisi hakusaini karatasi ya Godelive ya kufuzu. Alisema mpango ulikuwa mzuri, upepo, kamba, njia ya kukimbilia, vyote. Lakini mpango ambao watu waliomo ndani yake hawaujui ni mtego, hata kama aliyeutega ana moyo safi. Kazi ingerudiwa wiki ijayo, na safari hii Amisi angekuwa pembeni tangu hatua ya kwanza. Kisha alimwuliza Sikuli kama angekubali kukwea tena kwa neno la msichana huyu, ama atafutiwe msimamizi mwingine.

Sikuli alikuwa ameketi kwenye mzizi ule ule, mkono wa kulia ameukumbatia kwa ule wa kushoto ingawa haukuwa na jeraha. Utani ulikuwa umemtoka. Alimwangalia Godelive kwa muda mrefu, na Godelive aliyavumilia macho hayo.

"Nitakwea," alisema hatimaye. "Lakini siku ya kutangaza, tutaenda bote."

Ndivyo ilivyokuwa. Juma lililofuata Godelive alipita tena nyumba kwa nyumba, akitangaza asubuhi, akieleza kwa nini, akimwomba kila mwenye groupe aonyeshe swichi yake bila woga wa kuripotiwa. Hilo Amisi alikuwa amelipigania kwa wakubwa wa kampuni na kupewa. Vagheni alimwonyesha yake bila kumkaribisha kuketi. Florentine, aliyevaa kitenge kipya cha kijani, alimletea maji ya kunywa.

Sikuli alikuja nyuma, akiacha nafasi ya nyumba moja. Godelive akitoka, yeye aliingia. Alisalimia, akasimama mlangoni, na kuuliza jambo moja tu.

"Ule mudada amekuambia saa ngapi?"

Issaka kinyozi alizima mashine yake ili asikike vizuri, akaitaja saa. Sikuli akamwomba airudie. Issaka akairudia. Sikuli akashukuru, akatoka, na kuelekea kwenye nyumba iliyofuata.